Furushi la Kuuguzia

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai, na mtaa wetu mzima hapa Kilosa unajua. Sokoni ninapouzia mchele, mteja akitia mkono kwenye gunia akaanza kuchambua punje moja moja kama anachagua mchumba, namwambia aende Tindiga akalime wake. Kwa hiyo siku mwalimu alipotuma ujumbe kwenye grupu la wazazi, kwamba klabu ya mazingira itakwenda kupiga kambi kwenye vilima vya Mikumi, mahema yapo, ila kila mtoto aje na vitu vyake vya kulalia, viwe vyepesi, viwe vidogo, viingie kwenye begi la mgongoni, vimtie joto na visimwumize mzazi mfukoni, nilimjibu kwa sauti simu ikiwa mkononi.

"Chepesi, kidogo, cha joto na cha bei rahisi! Si useme tu unataka paka!"

Binti alikuwa kizingitini anachambua matembele. Hakucheka. Aliinua uso akaniuliza taratibu, "Nitaenda, mamkubwa?"

Nikaweka simu chini. Ilikuwa mara ya kwanza kuomba kitu tangu mama yake afariki.

Ni mtoto wa mdogo wangu. Kwetu mtoto wa mdogo wako ni wako, hakuna cha kuulizana, na mdogo wangu alipokwenda Mikumi kuuza chakula kando ya barabara kuu, kwa madereva wa malori, aliniachia mtoto asome huku. Likizo alikuwa anampokea, shule zikifungua ananirudishia, kanenepa. Halafu mdogo wangu akaugua, akafa, na binti akabaki kwangu moja kwa moja. Na hakulia. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima raha. Msibani alikaa mkekani pembeni yangu, macho makavu, anainuka kuwamiminia chai waombolezaji na kukusanya vikombe. Wanawake walikuwa wanamtazama. Mmoja akasema mtoto huyu ana roho ngumu, mwingine akasema kapigwa na butwaa, mwacheni. Nami nilimwacha, nikingoja. Tanga likaanuliwa, watu wakaondoka, arobaini ikapita, kimya. Alikuwa anapika, anasali, anasoma, anafua sare zake. Ukimsahau chakula, "Haina shida, mamkubwa." Ukimgombeza kwa kosa lisilo lake, "Haina shida, mamkubwa." Nililichukia neno lile. Mtoto wa umri ule anatakiwa awe na shida! Anatakiwa anune, abamize milango, aniibie sukari. Huyu alikuwa kama mgeni mwenye adabu aliyefikia kwangu, anayeogopa kunichosha.

Basi aliponiuliza kama ataenda, nikaapa kimoyomoyo kwamba ataenda hata kama nitambeba mimi.

Tulianza na vilivyomo ndani. Nina blanketi moja zito, yale yenye picha ya simba, nililopewa zawadi ya harusi ya mwanangu. Tulilikunja, tukalikunja tena, nikalikalia, yeye akavuta zipu ya begi. Begi likameza nusu ya simba, kichwa kikabaki nje kinatutazama.

"Utakwenda mbugani na simba mgongoni," nikamwambia. "Wenzio wakikuona watasema umetekwa."

Akatabasamu kidogo tu, upande mmoja wa mdomo. Jirani yetu akaja na godoro la mtoto wake, jembamba, la kukunja mara tatu. Lilikuwa zuri, lakini kulibeba ni sawa na kubeba mlango. Tulilirudisha jioni ileile, na binti alilipangusa kwanza kwa kitambaa chenye maji, pande zote, ingawa halikukaa kwetu hata saa mbili. Hayo nimemfunza mimi, na nimemfunza kwa ukali. Cha watu hakirudi kichafu. Bakuli la jirani likija na mboga, linarudi limesuguliwa hadi unajiona sura. Tangu ana miaka sita nilikuwa nampigia kelele juu ya hilo, na hajawahi kunitia aibu.

Aliporudi kutoka kwa jirani alisimama katikati ya chumba, akaangalia juu ya kabati.

"Na lile, mamkubwa?"

Nilijua analisema lipi. Nikajifanya naokota kitu chini.

"Lile la msiba. Kitu cha msiba hakiendi safari, ni mkosi."

"Haina shida," akasema, akaenda kukoka moto.

Mkosi wapi! Siamini hata kidogo mambo ya mkosi. Ngoja niseme lile furushi lilikuwa nini.

Mdogo wangu alipozidiwa, tulimpeleka hospitali kubwa mjini, na mimi ndiye niliyekwenda kumuuguza. Mwenye kuuguza hana kitanda. Mchana anakaa kando ya mgonjwa wake, anamlisha, anamgeuza, anamfulia, na giza likiingia anakwenda kulala barazani nje ya wodi, kwenye sakafu, pamoja na wauguzaji wenzie waliotoka kila pembe ya mkoa. Asubuhi kabla wafagizi hawajapita na madekio, baraza inatakiwa iwe tupu kama hapakulala mtu. Aliyekuja na godoro, godoro lake linakwenda kukaa juani huko getini. Aliyekuja na blanketi la simba anahangaika nalo kutwa nzima kichwani. Mimi siku za mwanzo nilikuja na mkeka na kanga, nikaumwa mgongo hadi nikawa natembea nimeinama, mgonjwa ananiuliza mimi naendeleaje.

Mwanamke mmoja wa Ruaha, aliyekuwa anamuuguza mumewe, ndiye aliyenionea huruma. Akanicheka kwanza. "Dada, wewe unalala kama uliyefukuzwa nyumbani," akaniambia. Halafu akanieleza. Baridi haitoki juu, inapanda kutoka sakafuni, kwa hiyo usihangaike na la kujifunika kabla hujapata la kulalia. Nikaenda kwa fundi makochi nikanunua kipande cha sponji chembamba, upana wa mgongo wangu, si zaidi, urefu kutoka shingoni hadi chini ya makalio, maana miguu haina haja ya godoro. Chini yake kiroba cha mchele kilichopasuliwa kuzuia unyevu. Kisha nikachukua vitenge viwili nikavishona pamoja vikawa mfuko mrefu, ndani nimetia bitana la blanketi jepesi la mtumba, juu wazi, na chini kwenye miguu nikaacha uwazi. Nesi akiita jina la mgonjwa wako unasimama na mfuko wako mwilini na kukimbia nao, kama gauni. Unaviringisha vyote kwa pamoja, unafunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, basi, ni kifurushi cha kubeba ubavuni kama mtoto mchanga. Yote ni vitu vya bure au karibu na bure. Nililala katika mfuko ule barazani mvua ikipigwa na upepo, na nilisinzia.

Mwishoni mdogo wangu akawa anasikia baridi. Joto lote lile la mjini, watu wanajipepea kwa makaratasi, yeye meno yanagongana. Shuka zikawa hazimtoshi. Nikaleta mfuko wangu kutoka barazani, nikamwingiza humo, nikamfunga hadi kidevuni. Akaniambia, "Dada, umenishona kama mto." Na akalala. Tangu siku ile mfuko ukawa wake mchana na usiku, mimi nikarudi kwenye kanga yangu. Nilikuwa nampaka mafuta ya nazi aliyokuwa akiyachemsha mwenyewe na mchaichai, ndiyo aliyojipaka tangu usichana, hakujua mafuta ya dukani. Nilimpaka miguu, mikono, mgongo, na mafuta yakaingia kwenye kitambaa, yeye akaingia kwenye kitambaa.

Binti hakuletwa. Nilimwomba mdogo wangu, nikamsihi, mtoto aje akuone. Akakataa kabisa. "Asinione hivi. Abaki na ile sura yangu ya Mikumi, ninapopuliza moto na kutukanana na madereva." Kwa hiyo binti alibaki kwa jirani, anafanya mitihani yake, kila siku anaambiwa mama anaendelea vizuri. Mama alirudi amefunikwa.

Arobaini ilipofika, shangazi yetu akakusanya vitu vya marehemu. Kwetu nguo za marehemu hazigawiwi na jasho lake. Zinafuliwa kwanza zote, gauni, kanga, mitandio, hadi leso ya kufutia uso, zinaanikwa, ndipo zinagawiwa, huyu shika hiki umkumbuke. Wanawake walifua kisimani kwa shangazi kuanzia asubuhi. Walifua kwa mapenzi, siwalaumu, kila kitu kilitakata. Binti alipewa vitenge viwili na mtandio. Nilimwona akienda pembeni ya nyumba, akafunika uso na kile kitenge cha mama yake, akavuta pumzi. Mara moja tu. Kisha akakikunja vizuri, pembe kwa pembe, akarudi kukaa. Hakikuwa na kitu zaidi ya sabuni.

Furushi lilinusurika kwa kuwa lilihesabiwa ni langu. Hakuna aliyeliuliza. Nilipofika kwangu nikalifungua ili nami nilifue, ndoo ya maji iko tayari, na mara ile mpira ulipofunguka, mdogo wangu akatoka. Sisemi kwa mafumbo. Mafuta yake, mchaichai wake, na ile harufu ya chini kabisa ya mtu, ambayo haina jina, ambayo nilikua nayo kitanda kimoja tangu yeye ananyonya. Nikamwaga maji ya ndoo. Nikalifunga tena haraka kwa kuogopa lisiishe, nikaliweka juu ya kabati. Siku ambazo dunia ilinizidi, binti akiwa shule, nilikuwa nalishusha, nalegeza mpira, naingiza pua, natoka, nafunga. Kidogo tu. Nilikuwa nabania kama mtu anavyobania chumvi ya mwisho kwenye kopo.

Ndiyo maana nilimwambia mkosi.

Nikaamua twende Mikumi tukatafute. Nilisikia pale kando ya barabara kuu kuna mitumba mingi, na vitu vya kambi vya wazungu hupatikana, vile wanavyowaachia madereva na wapagazi wakimaliza kutalii. Tukapanda gari la asubuhi. Njia nzima binti alikuwa dirishani. Mikumi tulishukia karibu na pale mama yake alipokuwa na banda lake. Sasa hivi kuna kijana anachoma mishikaki, kabandika bati jipya. Nilitaka tupite haraka, yeye akasimama. Akaangalia mafiga matatu ya mama yake, yale mawe yamesukumwa pembeni, yule kijana anakalia moja akisubiri wateja.

"Unataka tukae kidogo?" nikamuuliza.

"Haina shida, mamkubwa. Twende tusije tukachelewa."

Jamani! Nilitamani nimtikise.

Muuza mitumba alikuwa kijana mwenye maneno mengi. Nilipomwambia tunachotafuta akaingia uvunguni mwa meza, akatoka na kitu cha bluu kimejikunyata kwenye mfuko wake. "Mama, hili ndilo lenyewe. Slipingi bagi. Hili limepanda Kilimanjaro." Akalitandaza juu ya turubai. Lilivimba palepale, likawa kubwa kama mzoga wa ng'ombe, na manyoya yanatoka kwenye mshono.

"Limepanda Kilimanjaro lenyewe, au lilibebwa?" nikamuuliza.

"Mama, wewe mcheshi. Mruhusu dada ajaribu."

Binti akavua viatu akaingia. Kijana akampandishia zipu hadi shingoni, kwa maringo, kama fundi anayemvalisha bibi harusi. "Si unaona!" Naona. Zipu ikagoma kushuka. Akavuta, ikauma kitambaa. Akaivuta kwa meno. Binti kalala pale sokoni, kajaa jasho, kichwa tu kiko nje, watu wanaanza kukusanyika, mmoja anauliza kama ni mgonjwa. Nikamshika mabegani, kijana akashika miguu ya lile begi, tukamvuta kama tunachuna mhogo, akatoka na manyoya meupe nywele nzima. Na pale, kwa mara ya kwanza, alicheka. Sauti yake ilitoka, fupi, ikanigonga moyoni kwa sababu ilikuwa ni kicheko cha mama yake, kile kile, kinachoanzia puani. Akajishtukia, akakiziba kwa mkono.

Kijana akataja bei. Nikamuuliza kama analiuza na kitanda chake. Akashusha, nikashusha zaidi, akaniapia kwa mama yake mzazi. Yalikuwapo mengine mawili, moja la mtoto mdogo, jingine jembamba na zuri, jepesi kama mfuko wa plastiki wa rambo, lakini bei yake sitaitaja, nilimrudishia bila kubishana, na mimi nikikosa kubishana ujue mambo yamenizidi. Tukazunguka. Shuka za kimasai tuliziona, ni nzuri, ila peke yake hazimtoshi mtu juu ya udongo wa vilima vile mwezi wa saba, kuna ubaridi kule unaoumanisha meno. Jua likawa linashuka. Nikanunua mihogo ya kuchoma tukala tumesimama.

Kwenye gari la kurudi alinishika mkono, kitu asichozoea.

"Mamkubwa, usijisumbue tena. Nitabaki. Wakienda mwakani nitaenda. Haina shida kabisa."

Na nikaona akiliweka jambo lile mbali, pembe kwa pembe, kama alivyokunja kile kitenge. Nikajua kwamba nikimwacha alikunje na hili, hataniomba kitu kingine. Atakaa kwangu hadi aolewe, mwenye adabu, mkavu, kisha ataondoka na sitakuwa nimemjua.

Kesho yake mchana, alipotoka shule, nilikuwa nimeshalishusha furushi. Nililiweka katikati ya chumba.

"Njoo nikufundishe kulala," nikamwambia.

Alinitazama. "Si ulisema ni mkosi?"

"Nimesema mengi mimi. Njoo."

Nikamwonyesha. Kiroba kwanza, sponji juu yake, mfuko, na viatu vyako chini ya mtandio ndio mto. Ukitoka unaanza na miguu. Ukiviringisha unaanzia upande wa miguu ili upepo utoke juu. Alikuwa mwepesi kujifunza, mara ya pili alilifunga vizuri kuliko mimi, na likaingia kwenye begi la shule pamoja na nguo, begi likafunga zipu bila kelele. Chepesi, kidogo, cha joto, cha bure. Lilikuwa juu ya kabati langu muda wote, na mimi nimezunguka nchi. Sikumruhusu kuingia ndani ya mfuko. Nilisema ataingia hukohuko, hapa kuna joto. Ukweli nilishindwa kumtazama akiingia.

Nilitaka kumwambia asilifue. Neno lilifika mdomoni. Lakini ningemwambia kwa sababu gani? Nimwambie humu ndani yumo mama yako, nimemweka juu ya kabati langu peke yangu, wewe uliyenusa sabuni ukanyamaza? Nikashindwa. Nikasema, "Lirudi tu."

"Litarudi, mamkubwa," akasema, kwa ile sauti ya mtu anayeahidi kitu kizito.

Siku walizokuwa kambini nilikuwa mbaya hata kwangu mwenyewe. Niligombana na wateja, nikagombana na mbuzi wa jirani. Nikiingia chumbani macho yanakwenda juu ya kabati, pamebaki duara lisilo na vumbi. Asubuhi Kilosa ikiwa na kiubaridi, najisemea huko vilimani je? Usiku je? Mwalimu alituma picha kwenye grupu, watoto wamesimama mbele ya mahema. Nilizikuza hadi zikawa madoadoa. Yupo pembeni, kafumba macho kwa jua, sikuweza kusoma kitu usoni.

Walirudi alasiri. Nilimsikia kwanza, anawaaga wenzie barabarani kwa sauti ambayo sikuizoea, imekwaruzika, imefunguka. Akaingia, "Shikamoo mamkubwa," nikaitikia marahaba, nikamtazama. Macho yamevimba. Kapauka kwa vumbi, kapendeza. Akavua begi, akalitoa furushi akanikabidhi kwa mikono miwili.

Lilikuwa jepesi kuliko nilivyolijua, na lilikuwa na unyevu kidogo kwenye mishono. Nikafungua mpira. Vitenge vilikuwa vimerudia rangi zake, njano ikawa njano. Nikaingiza uso hadi masikio. Nikatafuta upande wa shingo, nikatafuta miguuni, nikageuza bitana. Sabuni ya mche na jua. Nilitafuta kama kichaa, mtoto amesimama mbele yangu.

"Umelifua," nikasema.

"Ndiyo. Kuna mto mdogo pale kambini. Nimelifua mara mbili, nikalianika kwenye majani kutwa nzima."

Hasira ilinipanda kutoka kwenye nyayo. Nilifungua mdomo niseme nani kakutuma, nani alikwambia ufue kitu cha watu, na nikaona kafanya yaleyale niliyomfunza mwenyewe tangu ana miaka sita, cha watu hakirudi kichafu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

"Lilichafuka sana, mamkubwa," akasema. Akaangalia chini. "Nililia. Nilipoingia tu ndani, nikavuta juu hadi kichwani, nikamkuta mama. Lilikuwa na harufu ya mama yote, na mafuta yake. Nililia siku zote zile, kila tukiingia hemani. Wenzangu walidhani naumwa, mwalimu akaja. Sikuweza kuacha. Likajaa machozi na makamasi, kitambaa chote."

Nikavuta kiti nikakaa.

"Sikutaka kulifua," akaendelea. Na sasa alikuwa analia tena, wazi, mdomo umepinda, kama mtoto, bila kujifunika. "Nilikaa nalo pale mtoni, nikasema nisilifue, nikae nalo hivihivi. Lakini ni lako, mamkubwa, si langu. Nisingeweza kukurudishia chafu."

Sikumwambia chochote kuhusu kabati. Hata leo sijamwambia. Nilimvuta nikamkumbatia, analia na mimi nalia, nikawa namwambia umefanya vizuri mwanangu, limetakata, umefanya vizuri, na nilikuwa namaanisha na nilikuwa simaanishi.

Halafu nikatandika kiroba pale sebuleni mchana kweupe, nikaweka sponji, nikaweka mfuko juu, nikamwambia alale amechoka na safari. Akaniambia nami nilale. Sponji lilikuwa na upana wa mgongo mmoja, kwa hiyo tulilala ubavu, yeye mbele na mimi nyuma, pua yangu kwenye kisogo chake. Alikuwa na harufu ya moshi na jasho, hakuwa ameoga. Nilimwambia asiende kuoga kwanza.